Mwalimu Aliyekataa Kutafsiri

Ukimuuliza Mwalimu wa Kiingereza maana ya msemo, hakukujibu. Alikuuliza na yeye: "Nani hapa kijijini yuko hivyo?" Ukikosa mtu, alikwambia nenda nyumbani, bado hujauelewa, na kesho yake alikuuliza tena mbele ya wenzako. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule hiyohiyo, kijiji cha ujamaa nje kidogo ya Bariadi, na mwanzoni nilimwona ni mtu wa kuchosha kweli. Hesabu haina haja ya kutafuta nani yuko hivyo. Lakini nyumba yangu ilipakana na yake, na mtu ukikaa naye ua kwa ua miaka kadhaa unamzoea hata kwa yale yanayokukera.

Darasa la saba aliligawa pande mbili, jinsi ngoma zetu zinavyogawanyika baada ya mavuno. Usukumani ngoma mbili hupigwa katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi: watu wakikimbilia upande huu, upande huu umeshinda, yamekwisha. Yeye akaufanya mchezo huo kwa Kiingereza. Ijumaa mchana aliwatoa watoto nje, akawapa pande zote mbili msemo mmoja, wauigize bila kutamka neno. Watazamaji walikuwa wapita njia: akina mama wanaotoka kuchota maji lamboni na ndoo kichwani, wachunga ng'ombe, wazee waliofuata mbegu za pamba. Upande ulioeleweka ulivuta watu, na ulioshindwa ulifagia uwanja.

Siku moja msemo ulikuwa sit on the fence, yaani kukalia ua. Sasa, ua wa kwetu ni minyaa, ule mmea wa utomvu mweupe unaounguza macho. Hakuna mwenye akili zake anayeukalia. Upande wa kwanza walimpandisha mwenzao juu ya ukuta wa darasa ambalo lilikuwa halijaezekwa. Watu wakadhani ni mwizi, wakamzomea. Upande wa pili wakaigiza watu wawili wanaogombania ng'ombe, na wa tatu kaketi katikati. Huyu akimtazama, anaitikia kwa kichwa. Yule akimtazama, anaitikia vilevile. Na karanga za wote wawili anazitafuna. Mchunga ng'ombe mmoja akapiga kelele: "Ebo! Huyo si mwenyekiti wetu?" Uwanja mzima ukahamia upande ule. Jumatatu mwenyekiti alikuja kulalamika kwa mwalimu mkuu, na akapita kwa walimu wote kutueleza kwamba yeye ana msimamo.

Vile vijineno vya Kiingereza vinavyosumbua kila mtu, in na on na at, alivifundisha kwa lori la pamba. "Ukifika lori bado lipo, umefika in time," aliwaambia. "Lori likija saa ileile iliyosemwa, limekuja on time." Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hilo la pili limeonekana wapi?" Hakucheka. "Hapa bado halijaonekana," alijibu. "Lakini mlijue, ili siku likija mlitambue." Mimi nilikuwa darasa la jirani, nikashindwa kuendelea na hesabu zangu kwa kicheko.

Huyo ndiye mtu wa darasani. Yule wa asubuhi alikuwa mwingine, na huyo ndiye aliyenifanya nimfikirie mpaka leo.

Kila siku kabla ya kengele alitoka kwake, akapita mbele ya nyumba yangu, akaenda nyumba inayofuata. Waliowahamishia watu kijijini walizipanga nyumba kwa mistari, na ilitokea kwamba yangu ikawa katikati: huku yake, kule ya baba yake mzazi. Mzee alikuwa ameshaketi nje anasuka kamba ya ngozi. Mwalimu alisimama mbali kidogo kwa heshima, akainama, akasema: "Mwangaluka, baba." Ndiyo salamu yetu ya asubuhi, na mwenye kusalimiwa huirudisha, kisha huuliza watoto wameamkaje, ng'ombe wameamkaje. Mzee hakuirudisha. Aliendelea na kamba yake, hata jicho hakuinua. Mwalimu alingoja muda ambao mazungumzo hayo yangechukua kama yangekuwepo, halafu akaenda zake shuleni.

Mimi nilipofika kijijini niliwakuta hivyo. Siku za kwanza nilidhani Mzee ni kiziwi. Nikamsalimia mimi, nikaitikiwa vizuri sana, nikaulizwa mpaka habari za ng'ombe wa baba yangu kule Maswa. Kwetu kumnyima mtu salamu si jambo dogo. Mtu anaweza kukutukana leo na kesho mkanywa togwa pamoja. Lakini asiyekuitikia ameshasema kwamba mahali uliposimama hapana mtu. Na huyu alikuwa mwanawe wa kwanza. Iliniuma, nasema wazi, na kila asubuhi nilisimama nyuma ya mlango wangu na ufagio nikiomba leo aitikie.

Tena Mwalimu hakuwa mtu wa kususiwa. Alikuwa na kasoro zake, nani hana? Alikuwa bahili wa chaki mpaka aibu. Vipande alivihifadhi mfukoni, na shati lake upande mmoja lilikuwa jeupe daima. Redio yake haikugusika. Aliuamini ujamaa kwa moyo wote, akawa wa kwanza kufika shamba la kijiji, na matuta yake yalipinda vibaya hata akina mama wakawa wanayarudia akishaondoka. Mwalimu mkuu alimwambia katika kikao kwamba kupenda Kiingereza namna ile ni kasumba ya kikoloni. Akajibu: "Maelezo ya dawa ya pamba yameandikwa Kiingereza. Nani atayasoma? Mkoloni? Ameshaondoka." Kisha yeye huyohuyo, kwenye mikutano ya chama, alimkatiza yeyote aliyechomeka Kiingereza katikati ya Kiswahili. "Sema yote huku au yote kule," alikuwa akisema. Ukitaka kumwelewa kwa mantiki ya hesabu, utapoteza siku yako.

Lakini kasoro iliyowashangaza watu ilikuwa hii: mtu aliyejua maana zote zile alikataa katakata kutafsiri. Akiitwa mkutanoni, alikataa. Akiitwa na padri mgeni, alikataa. Mtu akimletea kopo la dawa ya pamba, hilo hakulikataa, ila alisoma, akarudia kusoma, akaweka kidole juu ya kila neno na kusema: "Hapa imeandikwa usile wala kunywa wakati wa kunyunyiza. Ni hivyo tu imeandikwa." Mwenye kopo akiuliza, "Je, nikivaa kitambaa puani inatosha?" alijibu, "Haijaandikwa." Watu waliondoka wamenuna. Walisema anaringa.

Sababu yenyewe nilianza kuisikia lamboni, kipande kipande, kwa wanawake. Baadaye aliniambia mwenyewe, mchana mmoja wa likizo, uani kwangu. Nilikuwa nimemwekea michembe, vile viazi vyetu vilivyokaushwa, na karanga. Mimi sina subira ya kuzungukazunguka, nikamuuliza: "Mwalimu, ulimfanyia nini baba yako?"

Alitafuna kwanza. Akasema kwamba kabla ya kuhamishwa walikaa mbali kidogo, kila ukoo na mashamba yake na maboma yake. Akaja afisa mmoja kuwaambia watahama. Alikuwa mmoja wa wale wa kuchanganya Kiswahili na Kiingereza, na wazee wengi pale Kiswahili chenyewe kiliwapiga chenga. Basi mwalimu, mtoto wa pale, akasimamishwa awaambie kwa Kisukuma.

"Yule bwana alisema mtahama in due course," aliniambia.

"Maana yake?"

"Maana yake wakati wake ukifika. Na wakati wenyewe anaujua yeye, si wewe. Nilijua hivyo, mwalimu. Hakuna kilichonipita."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikasema mtahama mkishavuna."

Niliacha kutafuna. "Kwa nini?"

"Mtama ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Nilifikiri hakuna serikali inayoacha mtama shambani. Mimi nisingeuacha. Basi nikaona ndiyo maana yake." Alikung'uta maganda ya karanga mapajani. "Na wazee walikuwa hawajaamini. Walikuwa wananung'unika. Baba akasimama, akawaambia, mwanangu amesema tutavuna, twendeni nyumbani. Wakaenda kwa sababu yake."

Yaliyofuata niliyajua. Malori yalikuja mtama ukiwa bado umesimama. Mapaa yalishushwa, watu wakapakiwa na vyungu vyao, na ng'ombe waliobaki wakamaliza shamba. Mwaka ule wazee waliokuwa na maghala walikula chakula cha kuomba. Na hawakumlaumu afisa, afisa walimjulia wapi? Walikwenda kwa Mzee, mmoja mmoja, kumuuliza mtama wao uko wapi. Rika lake, watu aliocheza nao ngoma ujanani, walimuuliza hivyo.

"Nimeshamwomba radhi," Mwalimu alisema. "Nimepeleka watu. Nimepeleka ng'ombe, akamrudisha. Sasa nasalimia tu."

"Na akifa hajaitikia?"

"Basi nitakuwa nimesalimia," alisema, akainuka kwenda zake. Nilimkasirikia kwa jibu lile. Kisha nikaingia ndani nikalia kidogo, nikatoka nikaosha vyombo.

Usidhani Mzee alikuwa amemtupa mwanawe. Angemtupa, ingekuwa rahisi kwetu sote. Wajukuu walishinda kwake, mke wa Mwalimu alimpelekea ugali na mlenda na akala. Maneno ndiyo yalikuwa hayavuki, na kwa kuwa nyumba yangu iko katikati, maneno yakapitia kwangu. "Mayu," Mzee aliniita, kama tunavyowaita wanawake, "mwambie huyo jirani yako, ndama wake anakohoa." Huyo jirani yangu alikuwa amesimama pale pale, anasikia kila kitu. Nami namgeukia: "Mwalimu, ndama wako anakohoa." "Mwambie nimeona, nitamwita bwana mifugo." "Mzee, anasema ameona." "Mwambie bwana mifugo hajui kitu, ampe majani." Loo! Watu wawili wa damu moja na lugha moja, na mimi mgeni wa Maswa nimesimama katikati nawatafsiria Kisukuma kwa Kisukuma.

Siku moja nilichoka. Nilikuwa na mtoto mgongoni na sufuria jikoni. Mzee akaanza: "Mayu, mwambie..." Nikamkata: "Mzee, huyo hapo. Una mdomo, ana masikio." Mzee akanitazama, si kwa hasira, akasema taratibu: "Mayu, wewe ukiniambia kitu, nikakisema mbele ya watu, nacho si kweli, utarudi tena kwangu na maneno?" Nikakaza kanga ya mtoto mgongoni. Akaendelea: "Sina chuki naye. Sijui nikimsikiliza nitakuwa nasikia nini." Mwalimu alikuwa anayasikia hayo yote. Aliondoka, na siku ile darasani hakutoa msemo wowote. Aliwapa watoto imla. Mimi tangu hapo sikukataa tena kupeleka maneno.

Kwa hiyo yule mzee hakuwa anamwadhibu mwanawe, ingawa sisi wote tulidhani hivyo. Alikuwa hamwamini. Mtu anayekuadhibu huchoka siku moja, lakini asiyekuamini utamchosha kwa lipi? Salamu za kila asubuhi zisingeondoa jambo hilo hata zingefika mia ngapi. Nadhani Mwalimu alilijua hilo mapema kuliko mimi, ndiyo maana hakutafsiri tena popote. Aliogopa kinywa chake mwenyewe. Darasani aliwalazimisha watoto wamwonyeshe mtu, na uwanjani aliwaachia wapita njia waamue wameelewa nini, yeye akae pembeni. Naweza kuwa nakosea. Mimi ni mtu wa hesabu.

Nilihamishiwa Maswa, kwetu. Miaka ikapita. Siku moja nikarudi kijijini kuwasalimia, na nikawakuta watu wote wako uwanja wa shule, akina mama na ndoo zao, kwa sababu alikuwa amekuja mzungu wa visima. Lambo lilikuwa limejaa tope, maji yake mtoto akinywa anaharisha, na akina mama walikuwa wakienda kuchota mbali mno tangu alfajiri. Mwenyekiti, yule yule, alikuwa anahangaika: kijana wa ofisini aliyetegemewa kutafsiri alikuwa amelala na malaria. Mzee alikuwepo, amezeeka sana, kaketi mbele na fimbo yake. Nikaenda kumwamkia, akanitambua kwa sauti, akanikalisha chini kando yake. Mwalimu alikuwa amesimama hatua mbili upande wangu wa pili, mvi zimemjaa. Nikacheka moyoni: nimerudi palepale, katikati.

"Mwalimu, tusaidie," mwenyekiti alisema.

"Mtafuteni mwingine."

"Mwingine nani? Mgeni anaondoka!"

"Nimesema, mtafuteni mwingine."

Akina mama wakaanza kupiga kelele. Mmoja akamwambia waziwazi kwamba ana roho mbaya, watoto wanaumwa matumbo na yeye ameshika kiburi cha Kiingereza chake. Alitazama chini.

Ndipo Mzee akanigusa bega kwa fimbo. "Mayu, mwambie asimame mbele. Mwambie aseme yaliyosemwa. Asitie chumvi yake."

Nikamgeukia. "Mwalimu, baba yako anasema usimame mbele, useme yaliyosemwa, usitie chumvi yako."

Alikung'uta vumbi la chaki kwenye shati lake. Kisha akaenda.

Mzungu alizungumza kwa upole. Alionyesha lambo kwa mkono, akauliza maswali, na Mwalimu alipeleka swali na kurudisha jibu, fupi fupi, kwa Kisukuma kikavu kabisa. Mwishoni mgeni akatabasamu kwa watu wote, akasema maneno ambayo hata mimi niliyasikia: "We'll see what we can do. I'll look into it." Kwa lile tabasamu akina mama hawakungoja. Vigelegele vikapaa, ndoo zikapigwa, mwenyekiti akawa anampa mgeni mkono kwa mikono miwili.

Mwalimu akainua mkono wake. Alingoja mpaka kelele zikatulia.

"Amesema wataona wanachoweza kufanya," alisema. "Amesema ataliangalia jambo hili. Hakusema atachimba."

Mwenyekiti akamsogelea, akamnong'oneza kwa sauti ya kusikika na wote: "Watie watu moyo kidogo, mwalimu, utapungukiwa nini?"

"Lakini anacheka!" akina mama wakalalamika. "Si mnamwona anacheka?"

"Anacheka, ndiyo," Mwalimu alisema. "Hakusema atachimba."

Manung'uniko yakaenea uwanja mzima. Waliokuwa wamesimama wakaanza kuokota ndoo zao kwa hasira, na mtu mmoja nyuma akasema afadhali wangengoja yule kijana wa ofisini apone. Mwalimu alibaki amesimama peke yake pale mbele, mikono imening'inia. Mzee akaegemeza fimbo begani. Nilijua swali linakuja, nikajiweka sawa, nikageuza shingo tayari kulipeleka.

"Hakusema?" Mzee aliuliza. Hakuwa ananitazama mimi.

Mwalimu alinitazama kwanza, kama anayengoja nimletee.

"Hakusema, baba."

"Wala mwaka hakuutaja?"

"Hakuutaja, baba."

"Basi kesho tukalifukue lambo wenyewe," Mzee alisema. "Uje mapema, na jembe lako."

"Nitakuja, baba."

Nami nilikuwa bado nimeketi pale katikati yao, mdomo wazi, sina cha kupeleka.